Marashi ya Kupaka Mara Tatu

Lawama moja huyafuata marashi ya limau na chungwa popote yanapouzwa: hayakai. Mtu anajipulizia asubuhi, anapanda daladala ya Mbagala au anavuka feri ya Likoni, na kabla hajafika kazini ile harufu iliyomvutia dukani imekwisha. Anaamini ameuziwa maji. Safari ya pili anaingia dukani na swali moja tu, "Yanakaa saa ngapi?", na muuzaji anayeijua biashara yake anamwekea mezani chupa nzito ya vanila na ambari iliyotiwa limau kidogo juu juu. Yanakaa, kweli. Yanakaa mpaka usiku, yanakaa kwenye kola mpaka siku ya kufua. Lakini limau alilolifuata halimo tena, na saa nane mchana, katika jua la kaskazi, kinachomzunguka ni utamu mzito unaomchosha hata yeye mwenyewe. Swali la saa ngapi ndilo lililompoteza. Kwa siku za joto, na hasa kwa mwenye fedha ya kuhesabu, marashi ya jamii ya limau yanafaa kuchaguliwa kwa namna yanavyofunguka na namna yanavyoondoka, kisha yapakwe mara mbili au tatu kwa siku bila kuona kwamba ni hasara.

Sababu ya kwanza imo ndani ya ganda. Ukilibinya ganda la chungwa mbele ya mwali wa mshumaa, matone madogo yanaruka na kushika moto kwa cheche. Hayo ndiyo mafuta yenye harufu, na zaidi ya asilimia 90 yake ni kemikali moja, limonini. Kwenye mafuta ya limau limonini hufikia karibu theluthi mbili, na katika iliyobaki imo sitrali, ambayo ndiyo hasa huiambia pua kwamba hili ni limau wala si chungwa. Limonini ni molekuli ndogo, kaboni 10 na haidrojeni 16, basi. Galaksolidi, miski ya viwandani iliyomo katika marashi na sabuni nyingi za kufulia, ina uzito unaokaribia mara mbili ya huo. Pua nayo hainusi kilichobaki kwenye ngozi. Inanusa kile kilichoiacha ngozi kikaruka hewani. Kwa hiyo molekuli inayoruka haraka hutoa harufu kali na angavu kwa muda mfupi, na ile nzito hujitoa kidogo kidogo mchana kutwa. Joto huongeza mwendo: likipanda digrii 10 za Selsiasi, uwezo wa limonini kugeuka mvuke unakaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana harufu ya limau huchanua Tanga mwezi Februari kwa nguvu ambayo haina London mwezi Aprili, na ndiyo maana huondoka mapema zaidi. Raha yake na kuondoka kwake vina chanzo kimoja. Anayetaka kuvitenganisha anataka limonini iache kuwa limonini, na hakuna limonini ya Paris inayokwenda polepole kuliko limonini ya Kariakoo.

Kutokana na hapo inafuata hoja ya bei, ambayo kwa msomaji wa kawaida ina uzito kuliko zote. Mafuta ya ganda la chungwa ni zao la pembeni la viwanda vya juisi. Brazil, inayoongoza duniani kwa juisi ya machungwa, hukamua matunda kwa mashine zinazotoa juisi huku na mafuta ya ganda kule, kwa wingi ambao watengenezaji wa marashi peke yao wasingeweza kuumaliza. Linganisha na waridi: kilo moja ya mafuta yake hudai tani tatu za maua au zaidi, yaliyochumwa kwa mkono alfajiri. Linganisha na udi wa kweli, unaotoka kwenye mti uliougua na kujijaza utomvu kwa miaka mingi. Chupa ya bei nafuu iliyoandikwa udi haina budi kuwa na udi wa kuigiza. Chupa ya bei nafuu iliyoandikwa chungwa inaweza kabisa kuwa na chungwa lenyewe ndani. Katika duka zima la marashi, rafu ya limau ndiyo ambayo umaskini wa bei unaharibu kidogo kuliko nyingine zote, na nashangaa kwamba wauzaji hawaisifu kwa hilo.

Fedha hununua kitu hata hapa, na ni haki kusema ni kitu gani. Inanunua bergamoti, tunda linalokuzwa zaidi katika ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, kusini mwa Italia, lenye harufu ya limau iliyolainishwa na kitu cha maua na chai. Inanunua pia neroli, mafuta ya maua ya mdanzi. Mti huu, ambao watu wa pwani wanaujua kwa danzi lake chungu, ni hazina ya aina yake: ganda hutoa mafuta makali ya chungwa chungu, majani na vijiti hutoa petigreni yenye harufu ya kijani kibichi, na maua hutoa neroli. Petigreni nyingi hutoka Paraguay, na bei yake inavumilika. Neroli, ambayo eneo la Nabeul nchini Tunisia ni maarufu kwayo, huhitaji karibu tani moja ya maua kwa kilo moja ya mafuta. Hivyo kolonya ya bei ya chini inayodai imejaa neroli imetumia neroli ya maabara, jambo ambalo halina ubaya wowote kama imefanywa kwa ustadi. Petigreni ndiyo ningependa msomaji aitafute kwanza. Ni nafuu, hukaa muda mrefu kidogo kuliko ganda, na huendeleza habari ya mti uleule badala ya kuleta habari nyingine.

Aina hii ya marashi haikuwahi kukusudiwa kukaa mchana kutwa. Mzazi wake ni maji ya Köln. Johann Maria Farina, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1685 katika kijiji cha Santa Maria Maggiore, ndiye aliyeyapa umaarufu katika mji huo wa Ujerumani, ambako nyumba ya biashara ya ukoo wake ilianzishwa mwaka 1709 na ingali inafanya kazi. Wakati ambapo matajiri wa Ulaya walijipaka miski na zabadi nzito, yeye alitengeneza maji mepesi ya pombe safi yenye bergamoti, limau, chungwa na mimea. Watu waliyamwaga mikononi, wakajipangusa shingo na mabega, wakarudia jioni. Napoleon Bonaparte alijulikana kwa kuyatumia kwa wingi mno. Mwaka 1792 Wilhelm Mülhens alianza biashara yake katika mji huohuo, na ile namba ya nyumba ya mtaa wa Glockengasse, 4711, ikawa jina la kolonya ambayo hadi leo huuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, hata katika chupa za mililita 800. Chupa ya mililita 800 inajieleza: aliyeitengeneza hakutarajia mtu ajipulizie mara mbili shingoni asubuhi halafu asubiri saa kumi na mbili.

Waturuki waliichukua desturi hiyo wakaifanya yao. Kolonya ya limau, yenye pombe ya nyuzi 80, humiminwa viganjani mwa mgeni anapoingia nyumbani, abiria ndani ya basi la masafa, mteja anapomaliza kunyolewa. Eyüp Sabri Tuncer, jina linalojulikana katika kila kaya ya huko, lilianza Ankara mwaka 1923. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, watu walipanga foleni kununua kolonya kwa sababu pombe yake nyingi hutakasa mikono. Lakini karne nzima kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuburudisha, na kuburudisha huko ni kwa kweli: pombe inapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi na kuiacha baridi. Na kwetu pwani, nani asiyeujua mrashi? Kwenye maulidi na harusi mtu hupita na ule mtungi wenye shingo ndefu, akiwanyunyizia wageni marashi ya waridi, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza yatakaa saa ngapi. Yakikauka, mrashi unapita tena. Watu wa nchi za joto walikwisha kulijibu swali hili zamani. Tumelisahau jibu tulipoanza kununua marashi yaliyobuniwa kwa ajili ya makoti ya baridi.

Watengenezaji wa kisasa, bila shaka, hawakukaa na kuutazama mvuke wa limau ukipaa. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska alitengeneza Eau Sauvage ya Dior, akaliegemeza limau juu ya hedioni, molekuli yenye harufu ya asumini iliyo wazi na yenye hewa, kazi ya kampuni ya Firmenich ya Geneva. Lilikuwa jibu zuri kuliko mengi yaliyofuata, kwa kuwa alilishikilia limau bila kulizika. CK One ya mwaka 1994 ililiweka juu ya chai ya kijani na miski safi. Light Blue ya Dolce & Gabbana, kazi ya Olivier Cresp ya mwaka 2001, ililiweka juu ya tufaha, mwerezi na miski. Maduka yetu sasa yamejaa pia chupa za Dubai zinazouzwa kwa bei nafuu sana, ambazo nyingi hufuata njia ya tatu: limau kali la dakika 20 za mwanzo, kisha moshi, miski na miti mikavu ya maabara kwa saa nane au zaidi. Club de Nuit Intense Man ya Armaf ni mfano unaofahamika sana. Ni kazi yenye nguvu na ina wapenzi wengi, nami sina neno juu ya mtu anayeipenda kwa ajili ya huo moshi. Neno langu ni kwa yule anayeinunua akidhani amenunua limau linalokaa. Alichonunua ni kitu kingine kinachokaa, chenye mlango wa limau.

Tofauti hiyo hudhihirika mchana. Mwenye kolonya nyepesi, limau lake likiisha, ngozi yake imebaki karibu tupu. Akijipaka tena anaanza upya, na mara ya pili ni safi kama ya kwanza. Mwenye marashi mazito akitaka limau lake tena saa saba, hana budi kupuliza miski na moshi juu ya miski na moshi wa asubuhi ambao haujaondoka. Akifanya hivyo ndani ya matatu yenye watu 14 na madirisha yaliyokwama, anawafanyia wenzake jambo ambalo adabu haimruhusu kulifanya. Joto humfanya kila mtu atoe harufu mbali zaidi kuliko anavyodhani, na pua ya mwenye marashi huzoea harufu yake mwenyewe upesi, hivyo yeye ndiye wa mwisho kujua kwamba amezidisha. Kwa hiyo marashi yanayoruhusu kurudiwa ni yale tu yasiyoacha masalio mengi. Hili ndilo jambo ambalo swali la saa ngapi haliwezi kulifikia.

Hapo mtu mwenye busara ya fedha atauliza kama kurudia si gharama. Tulipige hesabu, kwa bei za mfano tu. Kinyunyizio cha kawaida hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya mililita kila kinapobonyezwa, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mibonyezo kama 1,000. Kolonya ya mililita 200 ikiuzwa shilingi 30,000 za Tanzania, mililita moja ni shilingi 150. Mtu akibonyeza mara nane, mara tatu kwa siku, anatumia mililita 2.4, yaani shilingi 360, na chupa inamfikisha siku 80 na ushei, karibu kaskazi yote. Marashi ya jina kubwa, mililita 100 kwa shilingi 300,000, mibonyezo mitano ya asubuhi ni shilingi 1,500, na limau lake halifiki adhuhuri vilevile. Chupa ya tatu, ile nzito ya bei nafuu, mililita 100 kwa shilingi 40,000, mibonyezo mitano ni shilingi 200 tu. Kwa hesabu ya siku hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, na kolonya inaishinda ile ya jina kubwa peke yake. Anayetaka kunukia vizuri kwa fedha kidogo kabisa, bila kujali ananukia nini, jibu lake ni hilo la tatu. Anayetaka limau, hizo shilingi 160 za ziada ndizo bei ya kulipata limau asubuhi, mchana na jioni.

Maandishi ya chupa huchanganya watu hapa. Kwa kawaida kolonya ina mafuta ya harufu asilimia 2 hadi 5, eau de toilette 5 hadi 15, na eau de parfum 15 hadi 20, na mnunuzi anaona ni jambo la wazi kwamba asilimia kubwa ni mali zaidi. Kwa udi au waridi ana hoja. Kwa limau ongezeko hilo mara nyingi linakwenda kwenye vitu vizito vya chini, kwa sababu kuongeza limonini tu kungeyafanya marashi yawe makali bila kuyafanya yakae. Toleo zito la marashi mepesi unayoyapenda huwa ni marashi mengine yenye jina la kwanza, na wengi hugundua hivyo baada ya kulipa.

Lipo pingamizi linalosemwa kwa kucheka lakini lina uzito: marashi ya limau yananuka sabuni ya vyombo. Ni kweli kwamba viwanda vya sabuni vililiazima limau, kwa sababu watu walikwisha kulihusisha na usafi. Sitrali halisi, hata hivyo, haivumilii kemikali kali za sabuni, kwa hiyo humo hutumika molekuli za kuigiza zilizo imara, zenye ukali fulani wa chuma na utamu wa peremende usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Harufu hiyo ikiwekwa kwenye chupa ya marashi, pua inaitambua na ina haki ya kuikataa. Kipimo ni dakika kumi. Limau zuri, hata la bei ndogo, linasogea: ukali unatulia, panatokea kitu cha majani, cha rozimari au lavenda, cha ganda chungu. Limau baya linasimama palepale. Anayetaka kujua sitrali ya kweli inanukaje asiende mbali, asugue jani la mchaichai kiganjani. Mafuta ya mchaichai ni sitrali kwa sehemu yake kubwa, asilimia 70 au zaidi, kuliko hata limau lenyewe, na kwa sababu hiyo watengenezaji huyatumia kulipa nguvu limau la bei nafuu. Marashi yanayokumbusha mchaichai hayana dosari.

Wengine husema joto letu lina jasho, na jasho linadai kitu kizito cha kulifunika. Jasho jipya karibu halina harufu. Bakteria wa kwapani ndio wanaolivunja na kutoa ule uvundo, na hakuna miski inayouondoa. Hata ikiuzidi nguvu, hivyo viwili hutokea pamoja, na matokeo yake kila abiria anayajua. Maji, sabuni na dawa ya kwapa ndiyo tiba. Marashi yaje juu ya mwili uliokwisha kuwa safi. Na kama kuna anayesema kwamba babu na bibi zetu walijifukiza udi katika joto hilihili, ni kweli tupu, lakini waliupa mahali na wakati wake: nguo zilizotandazwa juu ya kifukizo, chumba cha jioni, harusi, Idi. Ni ufundi uliopangwa kwa saa za kupumzika na hewa ya usiku. Saa saba juani, foleni ya benki, si mahali pake, na wala hawakuudai uende huko.

Kwa wale wasiotumia marashi yenye pombe kwa sababu ya dini, jambo ambalo kila mtu ataliamua na wanazuoni wake, vipo vile vichupa vya mafuta vya mililita 6 vyenye kigololi mdomoni, vingi kutoka Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Limau ndani ya mafuta hufunguka kwa sauti ya chini zaidi na hukosa ule ubaridi wa pombe, lakini hubebeka mfukoni na hurudiwa kwa urahisi, ambalo ndilo tunalolitaka. Hapa ni muhimu zaidi kuchagua yenye petigreni au ndimu na kuepuka yale yaliyowekwa kahawa, karameli na vanila chini yake.

Jua lina onyo lake, na haitoshi kulisema haraka. Mafuta ya bergamoti yaliyokamuliwa kwa baridi, na ya ndimu vilevile, yana kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi chini ya jua huiunguza na kuacha mabaka meusi yanayoweza kudumu kwa miezi. Aliyewahi kukamua ndimu nyingi juani na kuona alama mikononi siku chache baadaye ameyaona hayo. Viwanda vinavyoheshimika hutumia bergamoti iliyoondolewa bergapteni, ambayo ndiyo mkosaji mkuu, na kuna viwango vya kimataifa vya kiasi kinachoruhusiwa. Hatari iko kwa mafuta ya kujichanganyia nyumbani na kwa chupa zisizo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala namba ya toleo. Hizo usizipake ngozini, hata zikiwa za bure. Kwa jumla, katika jua kali, pamba ya shati au kanga ni mahali pazuri kuliko shingo: haina joto la mwili wala mafuta ya ngozi, na limau hukaa humo kwa muda mrefu kidogo. Jaribu kwanza upindo wa ndani uone kama haliachi doa.

Limonini ina uzee wake pia. Ikikutana na hewa hugeuka taratibu kuwa viambata vinavyoweza kuwasha ngozi na kuleta mzio, na harufu yake hupinda kuelekea tapentaini. Umoja wa Ulaya unadai limonini, linalooli na sitrali zitajwe kwenye orodha ya viambato zikizidi kiasi kidogo sana, na majina hayo kwenye kasha yasikutishe kama huna historia ya mzio. Yanathibitisha tu kilichomo. Cha kuogopa ni chupa iliyokaa miaka miwili kwenye dirisha la duka linaloangalia magharibi, au kwenye dashibodi ya gari. Mwenye friji aiweke mlangoni. Asiye nayo aiweke ndani ya kasha lake, kabatini, mbali na bafu. Hapa kurudia mara tatu kwa siku kunaleta faida ambayo mtu hakuitarajia: chupa ya kolonya inakwisha kabla haijazeeka, wakati ile ya gharama, inayotumiwa kwa woga, inaharibika ikiwa nusu.

Basi dukani fanya hivi. Usinuse mdomo wa chupa, ambako pombe inafunika kila kitu, na usinuse zaidi ya tatu kwa siku moja. Pulizia mkononi, toka nje, tembea kwenye jua lilelile utakaloyavaa marashi hayo, na unuse baada ya dakika kumi, kisha baada ya saa moja. Dakika kumi zinakuonyesha limau. Saa moja inakuonyesha ulichokinunua. Kama baada ya saa moja imebaki harufu hafifu ya jani, maua au miski safi, na ungefurahi kujipulizia tena juu yake, hayo yanafaa. Kama umebaki utamu au moshi ambao hungetaka uongezwe, yarudishe rafuni hata kama muuzaji anaapa kwamba yanakaa siku mbili. Usisahau kuuliza chupa imeingia dukani lini, na kutazama kama rangi imegeuka kuwa ya kahawia.

Na kama fedha iliyopo ni ya chupa moja tu kwa kaskazi hii, ushauri wangu hauna mashaka. Nunua kolonya ya kawaida ya mililita 200 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ya mtindo wa Köln kama unapenda maua na rozimari ndani yake, ya limau la Kituruki kama unapenda ukali na ubaridi. CK One na ndugu zake ni chaguo la pili, kwa anayefanya kazi mahali ambapo hawezi kujipaka tena. Nunua pamoja nayo kichupa kitupu cha kupuliza cha mililita 10, kijaze kila asubuhi, na ukiweke kwenye mkoba. Mchana, nawa uso na shingo, jikaushe, ujipulizie nguoni, nje ya daladala na mbali na pua za watu.